Sauti ya Baba kwenye Kiini cha Tatu

Jumamosi, 31 Mei

Ukungu hadi saa nne asubuhi. Nimekaa dirishani na chai yangu, dunia imeishia kwenye kabichi za shangazi. Zaidi ya hapo weupe tu. Napenda siku kama hizi, mtu unaweza kuamini chochote.

Baba kaniandikia kwenye kibao chake cha chaki (ualimu haumtoki!): anataka kuniozesha yeye mwenyewe. Kwa sauti yake. Sauti gani tena, baba? Ilikwenda na operesheni ya mwaka juzi, shingoni pamebaki tundu na kitambaa cheupe. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta yangu. Ile! Nimecheka, kisha nimekwenda jikoni kulia kidogo.

Ndoa ni tarehe kumi na tano. Wiki mbili tu.

Jumapili, 1 Juni

Programu yenyewe ninayo tangu Januari. Baba anaandika maneno, anabonyeza, kompyuta inayasema. Na inasema kama yeye hasa, maana niliifundisha kwa meseji za sauti alizokuwa akinitumia nilipokuwa chuo Dodoma. Mia nne na kitu! Sikufuta hata moja. Zote zinaanza vilevile: "Onga mahundo, mwanangu," ndiyo salamu ya asubuhi ya kwetu, halafu nimekula nini, halafu mvua, halafu nani kafariki hapa Mgwashi.

Shida ni kwikwi. "Nasra, niletee ma— ma— maji." Baba hucheka, mabega tu yanatikisika. Shangazi Kibibi hacheki. Anasema kaka yake alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na hakuwahi kuwa na kigugumizi hata siku moja.

Jumanne, 3 Juni

Shekhe Ismaili kaja. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo. Baba kamwandikia ombi lake kibaoni. Shekhe kasoma mara mbili.

Kasema yeye hagombani na mashine. Walii wa kuozesha ni baba, nia ni ya baba, basi na kidole kinachobonyeza kiwe cha baba. Nikamuuliza, je, nikirekodi maneno mapema tukayacheza tu siku hiyo? Akakataa. Iliyorekodiwa ni ya jana, ndoa inafungwa leo. Akaongeza taratibu kwamba maneno yakikatikakatika, mashahidi watasema wamesikia nini? Ikiwa hivyo, Baba mdogo Hamisi atasimama badala yake.

Baba mdogo Hamisi ameshanunua kanzu mpya, nimesikia.

 Baba alifuta kibao kwa kiganja, taratibu, hadi kikawa cheusi kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimejua kwikwi inatoka wapi!

Ndani ya programu kuna nyuzi nne, yaani kazi nne zinazokwenda pamoja: mmoja unasoma anachoandika baba, mbili zinapika sauti, wa nne unaipeleka kwenye spika. Na prosesa, ubongo wa kompyuta, ina viini vinne vya kufanyia kazi. Ungedhani kila uzi utakaa kwenye chake. Wapi! Mfumo wa kompyuta unazihamishahamisha utakavyo. Uzi wa sauti unaanza neno kwenye kiini cha kwanza, unamalizia kwenye cha nne. Na kila ukihama unaacha nyuma vitu ulivyokuwa umeviweka karibu, unafika mahali papya mikono mitupu, unaanza kuvitafuta tena. Hapo ndipo baba anapokwama.

Marehemu bibi alikuwa na shamba la huku juu na lingine kule chini nyika. Shangazi anasema siku ya kushuka nyika bibi alifika jua kali, akalima matuta mawili, akakumbuka jembe zuri ameliacha juu. Basi uzi wangu ndiye bibi. Nimeuona kabisa, kwenye ukungu, na kikapu kichwani.

Dawa: kuufunga. Kuuambia, wewe kiini chako ni cha tatu, hapo hapo.

Alhamisi, 5 Juni

Mjinga mimi! Nimeifunga programu nzima kwenye kiini cha tatu kabla haijazaa nyuzi zake. Na uzi unaozaliwa hurithi kamba ya mzazi. Zote nne zimebanana mahali pamoja, viini vitatu vinaota jua. Sauti ya baba imetoka ndefu, nzito, kama redio inayoishiwa betri. Shangazi katoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani anaumwa.

Jumatatu, 9 Juni

Idi imepita. Nyumba bado inanukia pilau.

Leo kila uzi nimeuacha uzaliwe kwanza, kisha ujifunge wenyewe, kila mmoja na kiini chake. Baba akaketi. Akaandika. Akabonyeza.

"Onga mahundo, mwanangu. Umekula?"

Haikukwama! Haikugota hata mara moja. Nilifumba macho nikawa bwenini Dodoma, vumbi dirishani, simu sikioni. Nikajibu kwa mdomo kabisa: nimekula, baba. Nilipofumbua alikuwa ameshika kitambaa chake cha shingoni kwa mikono miwili.

Tumeongea mpaka adhuhuri. Alitaka kusema kila kitu. Kuku, paa, bei ya mbolea, na kwamba Rajabu, mchumba wangu, ni kijana mwema ila ale vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Rajabu kapiga simu kutoka Mtae. Nyumba tutakayokaa, ile ya zahanati anakofanya kazi, wameipaka rangi, na kutoka kibarazani anaona nyika yote mpaka macho yanachoka. Anasema kwa furaha, nami nikafurahi. Kweli. Tangu jana naota nyumba ile, mlango wa bluu, mawingu yakipita chini ya miguu yangu.

Kisha nikahesabu saa za basi kutoka kule mpaka kwa baba, na ile barabara wakati wa masika.

Nimeanza kumfundisha shangazi kuwasha kompyuta. Ameandika hatua zote kwenye daftari la upatu. Baba akatutazama muda, akatoka kwenda kwenye mapeasi yake bila koti.

Ijumaa, 13 Juni

Majaribio mbele ya Shekhe, baada ya swala. Aibu!

Ilianza vizuri. Katikati, kompyuta ikaamua kujisasisha. Kazi ngeni ikaja kukaa kiini cha tatu, na uzi wangu uko kwenye kamba, haukuweza kukimbia. Kama mbuzi aliyefungwa na mvua ikamkuta hapo hapo. "Nimeku— ku— ku—" Watoto dirishani walikufa kwa kucheka.

Baba mdogo Hamisi alikohoa, akasema kwa upole kwamba yeye yupo. Namwonea hasira, na hakukosa lolote.

Shekhe katupa mpaka Jumapili.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima na hina miguuni, nimekatazwa kutembea, kompyuta mapajani. Kuufunga uzi kumbe hakutoshi, lazima na wengine wote uwafukuze. Nimewafukuza. Masasisho nimezima, intaneti nimezima. Kiini cha tatu sasa ni cha baba peke yake.

Tumejaribu mara kumi na moja. Safi. Mara ya mwisho sikutazama kioo, nilimtazama yeye. Amekonda.

Jumapili, 15 Juni

Niko chumbani na wanawake. Wameniambia niache kuandika, nitachafua nguo. Acha ichafuke.

Wanaume wako sebuleni, pazia tu katikati. Kompyuta iko mbele ya baba. Simu yangu nimeiunganisha nayo bila intaneti, naona kila uzi ulipo na kila anachoandika. Shangazi anasema bibi harusi gani anatazama simu.

Mashahidi wamekaa. Shekhe amemaliza hotuba. Amesema, haya, Mwalimu.

"Rajabu bin Athumani."

Sauti ya baba!   Rajabu ameitika labeka.

"Nimekuozesha binti yangu—"

Kimya.

Nasubiri. Kimya bado. Mtu amekohoa, nadhani Baba mdogo Hamisi. 

Natazama simu. Kiini cha tatu kiko wazi, hakuna mgeni. Uzi wa sauti uko pale pale, umetulia, unangoja neno. Hakuna kwikwi.

Shangazi ananinong'oneza sikioni, macho yamemtoka: imekwama?

Hapana, shangazi. Mashine ni nzima.

Jina langu liko kwenye kioo, herufi zote tano. Baba hajabonyeza.