Munganga aliuliza kama anatembea

Ijumaa, mvua tangu alfajiri. Kasongo yote iko matope, na miye niko na hasira.

Tangu turudi toka Elisabethville simwamini mutu. Ugonjwa wa mume wangu, ile kansa, ulianzia njia ya mikojo ukapanda hadi mifupa ya mugongo. Kule walimlaza chini ya mashine ya miali, leo na kesho na keshokutwa. Mashine haina harufu, haina moto, haimgusi. Lakini yule munganga wa kizungu akitaka kuiwasha anakimbilia nyuma ya ukuta. Kama iko dawa, anaogopa nini?

Kweli, maumivu yamepungua. Analala usiku. Hilo nalikubali, shingo upande.

Kisha munganga akatuaga kwa maneno matamu: mzee ana nguvu, mupunga mupya ataukula, labda na wa mwaka utakaofuata. Binti yetu Zaina, aliyeolewa kule Wamaza, kusikia hivyo akatuma salamu: atavuna kwanza, ndipo aje kumwona baba yake.

Huyu muzungu amejuaje?

Leo nimepata jibu. Baada ya sala wazee wamekuja kumwangalia mugonjwa, naye pale kitandani akaanza majivuno yake.

"Mufasiri wa munganga akaniuliza, 'Mzee, unatembea?' Nikamwambia, natembea sana! Kabambare nimefika, Ujiji nimefika, uliza popote!"

Wazee wakacheka. "Wewe, hata Ujiji wamekuchoka!"

Miye sikucheka. "Baba Zaina, na miguu je? Ulimwambia haikubebi tangu mvua zianze?"

"Hakuniuliza miguu, mama Zaina. Aliniuliza safari."

Wajinga! Wote watatu. Muzungu alitaka kujua kama anasimama na kupiga hatua, mufasiri akaligeuza kwa neno moja tu, na mume wangu akajibu kama mwenye msafara. Miye walikuwa wameniacha nje barazani. Muzungu alimwona amelala, akafikiri ni maumivu tu yanamlaza. Ndiyo maana akampa mavuno mawili.

Angejua ukweli, angempa mangapi?

Sitaki kuandika. Miye ndiye namgeuza kitandani.

Kesho mvua inyeshe isinyeshe, kuna mwanamke wa Wamaza anarudi kwao toka soko. Nitampa maneno ampelekee Zaina: acha mupunga shambani, ndege waule. Njoo umkute baba yako bado anajisifu.