Ngozi Iliyonitoa Tembeni

Miyuji, Machi 1911

Mwanangu Nikodemo, mtu wa reli ya Wadachi,

Hatujambo, na uwele umestawi. Paa la udongo la tembe limeanguka kwa mvua, nami nilitoka mbio wa kwanza. Haya, uongo, miguu yangu iliyopooza unaijua.

Kabla ya mvua, tulipoona paa limeanza kubonyea, tulipanga nani atambeba nani likianguka. Mkeo Priska akauliza, "Na baba mkwe?" Wazee wakainama, maana mkwe hamgusi mkwe. Nikawaambia, "Nalalia ngozi ya ng'ombe. Aikamate ngozi!" Walicheka, lakini ndivyo Priska alivyoniburuta nje, na udongo ukaporomoka pale nilipokuwa nimelala.

Mimi nilikuposea mke huyo. Sasa nawe nisemee kwake, naona haya: siku nyingine avute upande wa kichwa. Kizingiti kimenitia nundu kisogoni.

Baba yako mzima,
Sostenes