Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 6 Machi 1989
Tepu nyingine imeletwa kutoka kwa wauzaji wa programu, Nairobi. Ya nne tangu Krismasi. Ni marekebisho ya programu inayopanga zamu za wakulima kukatiwa miwa. Barua ya maelekezo ina kurasa kumi na moja. Nimesoma mbili, nikaiweka. Kiyoyozi kimekufa tena. Chumba cha mashine ni tanuri.

Jumatano, 8 Machi
Meneja anataka kazi iishe Ijumaa. Nimemwambia kila rekebisho lina mahali pake, mengine lazima yatangulie. Nahitaji wiki mbili. Akasema, "Mama Akinyi, kiwanda hakingoji." Sikubishana. Nimechoka kubishana.

Ijumaa, 10 Machi
Nimeyaingiza. Kawaida naingiza kwa majaribio, naangalia siku kadhaa, ndipo nathibitisha. Ukishathibitisha, programu ya zamani inafutwa. Hakuna kurudi. Leo nimethibitisha papo hapo, saa nane mchana. Nilitaka tu kufika nyumbani Migosi nilale.

Jumanne, 14 Machi
Orodha ya zamu imechapwa. Upande wote wa Nyakach haumo. Hata jina moja.
Wakulima wamejaa ofisini. Mzee mmoja wa Pap Onditi alisema miwa yake imepitisha wakati, na wiki hii ndiyo aliyoahidiwa. Hakufoka. Afadhali angefoka.
Nimeisoma barua yote sasa. Ukurasa wa tisa: rekebisho la tatu litangulie la kwanza. Imeandikwa wazi kabisa. Mimi nilianza na la kwanza.

Jumatano, 15 Machi
Meneja amemsimamisha Okoth kazi. Okoth ndiye anayepakia tepu kwenye mashine. Ati alipakia tepu chafu. Ana watoto watano, mtaani Obunga. Alichukua koti lake, akaniambia, "Oriti, Mama." Nikaitikia kwaheri yake, basi. Najichukia.

Alhamisi, 16 Machi
Sikulala vizuri. Asubuhi nikaingia kwa meneja na ule ukurasa.
"Si Okoth. Ni mimi. Sikusoma mpaka mwisho, na nikathibitisha bila kujaribu."
Akausukuma ukurasa kando. "Si ungenyamaza tu? Mambo yalikuwa yameisha."
"Kwa nani?"
Akanisukumia karatasi. Nikaandika kosa langu, nikatia sahihi.

Jumamosi, 18 Machi
Okoth amerudi. Hanisemeshi. Ana haki. Wauzaji wametuma programu nzima upya. Tumeanza mwanzo, yeye akipakia, mimi nikisoma kila ukurasa kwa sauti. Mchana akaleta chai vikombe viwili. Kimoja akakiweka karibu nami.

Jumanne, 21 Machi
Imekubali. Nyakach yote imo. Nimepitia majina moja moja kwa kalamu.

Alhamisi, 23 Machi
Malori yamekwenda Nyakach. Sehemu ya miwa ya yule mzee ilikuwa imekauka, haikubebwa. Hiyo siwezi kuirekebisha.
Barua yangu imetoka. Baada ya Pasaka nahamia chumba cha wasichana wanaoingiza takwimu. Miaka saba kwenye mashine. Nilidhani nitalia. Nilikunja barua, nikaitia kwenye mkoba.

Ijumaa Kuu, 24 Machi
Kanisani asubuhi. Mvua kidogo. Akinyi ameniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nimemwambia hapana, nimebadilishiwa tu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Alisikiliza, huku akichambua mboga za osuga. Kisha akanisogezea sinia nimsaidie.