Mashua Yangu Imekuwa Benchi la Kilio

Kapata, Jumanne, mwezi wa kumi. Joto. Mvua inatishia tangu wiki iliyopita na haianguki, na vumbi la mgodi limekaa juu ya kila kitu, mpaka kwenye ulimi.

Leo nimekasirika, na mtu niliyemkasirikia amezikwa jana. Naandika neno hili hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Jioni nimerudi kutoka kazini, nimekuta mashua haipo uani. Yamebaki magogo niliyoiegemezea. Nimeijenga tangu mwaka jana kwa mbao za masanduku ya mashine, mimi karani ambaye kabla ya hapo sikuwahi kupigilia hata rafu ya sufuria ikakaa sawa. Jumamosi niliipindua, nikaipaka lami tumboni, nikamwambia kila mtu wa nyumba hii asiiguse mpaka ikauke.

Mke wangu alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata macho.

"Balikuya kuomba biti bya kilio," akasema. "Siye tuko na mbili tu. Njo nikabaambia babebe mashua."

"Na lami?"

"Balitandika makartoni. Weye ungekatalia bantu ba kilio?"

Nisingekataa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kukiwa na kilio mtaani kwetu, kila nyumba hutoa ilichonacho: kuni, maji, masufuria, viti. Anayekataa hukumbukwa. Najua yote hayo. Lakini mashua si kiti.

Kilio chenyewe ni cha Tata Mbuyi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, dereva wa treni ya mgodi. Jumapili alirudi kutoka misa, akala, akalala kidogo, hakuamka. Leo ndugu zake wa Kasai wameshuka stesheni, wengi kuliko viti vya mtaa mzima.

Huyo Mbuyi amenisumbua mwaka mzima. Kila jioni alikuja kwenye ua na kikombe chake cha chai, akatazama kazi yangu, akatikisa kichwa. "Tata Numbi, bantu babili tu, itapasuka." Kisha alikunywa chai yake taratibu na kurudi kwake. Hata mbao hakuwahi kunishikia.

Kosa ni langu pia. Mimi ni mtu wa Bukama, mji wa mtoni, na mtaa huu unaamini watu wa Bukama huzaliwa na kasia mkononi. Sikuwakatalia. Baba yangu alikuwa fundi cherehani na aliogopa maji kuliko nyoka.

Basi tulikubaliana, Mbuyi na mimi. Mashua ikiisha tungeipakia kwenye kamyo tuipeleke ziwani Nzilo, yeye akae mbele, mimi nyuma. Ikipasuka, nisiongee tena habari za maji. Isipopasuka, asimame katikati ya barabara yetu, watu wakimsikia, aseme kwamba alikosea. Katika miaka yote ya ujirani sijamsikia akilisema neno hilo, hata kwa mkewe.

Nimevimba vidole kwa ajili ya neno moja.

Nilinawa uso, nikaenda kilioni. Mashua yangu ilikuwa katikati ya uwanja, tumbo juu, na juu yake wamekaa akina mama tisa wa Kasai, na hakuna mwembamba hata mmoja. Kartoni zilikuwa zimezama kwenye lami. Kitenge cha mmoja kilikuwa kimenasa, naye hajui bado.

Niliinama kana kwamba naokota kitu, nikapitisha mkono chini, nikapapasa ubavu mmoja wa mashua baada ya mwingine. Hakuna uliopasuka. Wale mama walikuwa wanaimba na kuyumba pamoja, na mbao hazikutoa hata sauti.

Nilifurahi. Kilioni, mkono wangu uko chini ya makalio ya wafiwa, nilifurahi. Halafu hasira ikanipanda mpaka macho yakaniuma. Kwa nini Mbuyi hakungoja? Lami ilihitaji siku chache tu.

Mjane, Mama Mbombo, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, ameegemeza mgongo kwenye mashua. Aliuona mkono wangu.

"Tata Numbi, uko natafuta nini?"

"Natazama kama imepasuka, mama."

"Imepasuka?"

"Hapana."

Aliwatazama wale waliokaa juu, mmoja mmoja. Alijua mapatano yetu. Nadhani kila mtu mtaani aliyajua. Nilisimama pale nikingoja, naona aibu kuandika hili, nikingoja mwanamke aliyefiwa juzi aniambie kwamba mume wake alikosea.

"Hapa ni udongo," akasema. "Ku mayi haiyafika."

Alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Mi njo nitaikala mbele. Tutaona."

Kwa hiyo sijashinda, mpaka tufike ziwani. Kilio kikiisha nitairudisha mashua uani, nitabandua kartoni na nyuzi za vitenge kwa kisu, na kazi yote ya Jumamosi nitaianza upya. Nimechoka kabla sijaanza. Mvua nayo ikianguka wiki hii, sijui nitaikaushia wapi.

Kesho nitatafuta lami nyingine. Pale mbele, atakapokaa Mama Mbombo, nitapaka mara mbili.