Baiskeli Nilizozifuta

Mdogo wangu mpendwa,

Nimekuficha jambo miaka kumi na miwili: ripoti iliyoshauri nchi yetu ijitoe kwenye jumuiya ya biashara niliiandika mimi.

Bado naumwa kifua, lakini kusikia kwamba tunarudi jumuiyani, na binti yako atavusha viatu mpakani kwa baiskeli bila ushuru, kama wewe zamani, kumenipa nguvu. Mwambie mjomba wake anataka jozi ya kutembelea, si ya kuzikwa nayo!

Ushuru ulipokulazimisha kufunga karakana yako ya viatu, uliniuliza, "Kaka, hao wasomi wenzako hawakutuona?"

Katika ripoti, hasara ya kujitoa niliipima kwa malori tu. Baiskeli za mpakani nilizihesabu, yako ikiwemo, kisha nikazifuta, kwa sababu zikiwemo, hasara ilizidi faida. Niliwaona, mdogo wangu.

Kaka yako