Kamanda Hajakojoa Tangu Asubuhi

S.L.P. 418,
Songea.
16 Julai 2024

Mpendwa dada Dorine,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko unovisini, kwenye malezi ya utawa? Baridi ya Njombe unaiwezaje, na magoti yamezoea sakafu ya kanisa? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sokoni anakwenda.

Najua simu mliziacha langoni, ndiyo maana naandika. Paka wako Kamanda anaumwa, na ninaogopa.

Ijumaa nilimkuta amechuchumaa kwenye majivu nyuma ya jiko, anajikamua na kulia kwa sauti nisiyoijua. Mama akasema amefunga choo. Tukamnywesha mafuta ya kula siku mbili. Siku mbili, dada! Nimesoma mpaka chuo, na sikuwaza kutazama kama majivu yamelowa.

Jumapili baada ya misa nilimtia kwenye kapu. Saimon wa bodaboda alicheka njia nzima: "Dada, na huyu ana bima?" Bwana mifugo, Fulgence, tulimkuta kwake. Alimbonyeza tumbo mara moja, akanuna. "Choo gani? Huu ni mkojo. Kibofu kimekuwa jiwe!" Akamchoma sindano ya usingizi, akampitishia mpira mwembamba. Mkojo ukatoka mwekundu.

Tangu hapo nampa robo kidonge asubuhi na jioni, cha kulegeza njia ya mkojo. Nikikificha kwenye dagaa, anakula dagaa na kutema kidonge. Sasa namfunga khanga, kichwa tu nje, namsukumia kooni. Ananitazama kama adui.

Jana majivu yalilowa mara tatu. Leo ni makavu tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa alasiri. Fulgence alisema njia ikiziba tena atajaribu mpira mara ya mwisho. Ukigoma, ni sindano ya kumpumzisha. "Ongea na mwenye paka," aliniambia.

Mwenye paka ni wewe. Siku unaondoka hukutulilia sisi, ulimlilia yeye, ukaniwekea mikononi. Lakini barua mnapewa Jumapili, na leo ni Jumanne.

Mama na shangazi Leticia wanakusalimu sana. Mungu akushike katika wito wako.

Saimon yuko nje, ameshawasha pikipiki, na leo hacheki. Mpira ukigoma, nitasema ndiyo kwa niaba yako, na nitamshika mwenyewe mpaka mwisho. Usinichukie.

Mdogo wako akupendaye,
Lidwina