Kadi ya Lifti

Mwenzangu uko? Nina hasira hadi nakosea herufi.

Kitambi amenifukuza kazi! Bosi wangu! Sasa hivi, mbele ya mlinzi!

Asubuhi nimekagua lifti ya jengo letu, nikakuta breki inateleza. Nikaizima. Akaja mbio na kadi ya ukaguzi: "Saini hapa, wageni wa mkurugenzi wanafika saa nne."

Nikamwambia breki ni mbovu.

"Ni karatasi tu, fundi. Saini."

Karatasi tu! Watu wapande humo, yeye anasema KARATASI TU!

Nikamwambia sawa, naiwasha, tupande mimi na wewe hadi juu, tukifika salama nasaini. Moyoni naomba asikubali.

Akaitazama lifti. Akatazama saa. Eti, "Tangulia, kuna kitu nimesahau kwenye gari."

Mlinzi akaangua kicheko. Hapo ndipo alipowaka. "Huna kazi! Barua yako naileta sasa hivi!"

Nimekaa kwenye ngazi, ufunguo wa lifti nimeukumbatia. Nyumbani sijui nitaanzia wapi kuwaambia.

Amenipita hapa akiifuata hiyo barua ofisini kwake, ghorofa ya saba.

Kwa miguu, mwenzangu. Namsikia anavyohema.